Muhula wa kwanza Ujerumani: huku hakuna atakayekufuata

ZUHURA: Hamjambo wasikilizaji, karibuni tena. Mimi ni Zuhura, nipo Leipzig, na mwenzangu Eliya yuko Bochum. Eliya, za huko?

ELIYA: Salama tu, dada. Mvua, kama desturi yake.

ZUHURA: Leo tuna ujumbe wa msikilizaji wa Morogoro. Amepata nafasi ya kusoma shahada ya uzamili huku, anaanza Oktoba. Anauliza abebe nini, na je, baridi ataiweza?

ELIYA: Baridi ataiweza. Mimi mtu wa Makete, sakitu naijua tangu nachunga ng'ombe.

ZUHURA: Haya, mmeanza watu wa Makete! Mimi wa Tanga koti nililinunua soko la Karume, Dar, mtumba, zito kama godoro. Nafika huku naona masanduku barabarani ya kuweka nguo zilizochoka, makoti ndani ni yale yale. Nililirudisha kwao kwa nauli yangu.

ELIYA: Kilichonitesa mimi ni giza, baridi afadhali. Desemba jua linazama kwenye saa kumi na nusu jioni, na asubuhi saa mbili ndiyo kwanza kunapambazuka. Unaingia maabara usiku, unatoka usiku. Kwa hiyo ndugu yetu wa Morogoro, ukianza kulala hovyo na kukosa hamu ya kula mwezi wa kumi na moja, usidhani umelogwa. Toka nje mchana, hata nusu saa.

ZUHURA: Tuingie kwenye hela, maana hapo ndipo watu wanapokwama wiki za mwanzo. Unajua kuwa kwa viza wengi tunaweka fedha kwenye akaunti iliyofungwa, Sperrkonto. Kiwango tangu Septemba 2024 ni euro 11,904 kwa mwaka. Ukifika hupewi zote, zinatoka euro 992 kwa mwezi.

ELIYA: Na hata hizo 992 hazitoki zenyewe. Zinahitaji akaunti ya kawaida ya kupokelea. Benki nyingi zitataka karatasi ya makazi. Karatasi ya makazi unaipata ukijiandikisha manispaa, na sheria inataka ujiandikishe ndani ya wiki mbili tangu uhamie. Manispaa nayo inataka fomu iliyosainiwa na mwenye nyumba.

ZUHURA: Ndiyo maana nasema, chumba ambacho mwenyewe anakwambia "kaa tu, ila fomu sisaini," kiache hata kama ni cha bei ya bure. Utakaa na mamilioni yako yamefungwa huku unakula mkate mkavu. Njoo na hela ya kukuvusha angalau mwezi mmoja na nusu.

ELIYA: Bima ya afya nayo inapita euro 120 kwa mwezi, lazima. Halafu kuna barua itakuja ya ada ya redio na televisheni, euro 18.36 kila mwezi kwa kila nyumba. Wageni wengi wanaitupa wakisema mimi sina televisheni. Haijali kama unayo. Kama mko wanne kwenye nyumba moja, analipa mmoja, mnachangiana.

ZUHURA: Chakula tukipite haraka. Unga wa ugali upo maduka ya Waafrika, maharage yapo kwa Waturuki, Jumapili maduka yamefungwa isipokuwa yale ya stesheni kubwa. Basi.

ELIYA: Sasa darasani. Mimi hili ndilo ningemwambia kabla ya koti na kabla ya hela.

ZUHURA: Sema.

ELIYA: Nyumbani tumezoea kozi weki. Testi ya kwanza, testi ya pili, kazi za vikundi, mahudhurio. Ukiingia UE, mtihani wa mwisho wa muhula, tayari una alama zako mkononi, na kama unazama, CR, yaani kiongozi wa darasa, atakushtua, mwalimu mwenyewe atauliza huyu yuko wapi. Huku masomo mengi ni mtihani mmoja, Februari, asilimia mia moja. Oktoba mpaka Januari hakuna anayekuuliza kitu. Mihadhara mingi hata mahudhurio hawachukui. Unajiona uko vizuri kabisa.

ZUHURA: Kumbe kimya hicho ndicho mtego.

ELIYA: Enhe! Na mtihani wenyewe lazima ujisajili kwenye mfumo kabla ya tarehe ya mwisho, kila somo peke yake. Mwenzetu mmoja alihudhuria muhula mzima, kiti cha mbele, daftari safi. Siku ya mtihani jina halipo kwenye orodha. Alimweleza msimamizi, akajibiwa kwa upole kabisa kwamba haiwezekani. Hakuna cha "nenda kwa mkuu wa idara ukamlilie."

ZUHURA: Na upole ule ndio unaoumiza. Bora angefokewa.

ELIYA: Sapu, yaani kurudia mtihani uliofeli, zipo, lakini hesabu yake ni ya moto. Vyuo vingi vinakupa nafasi tatu kwa mtihani mmoja. Ukifeli ya tatu umedisko, umeondolewa kwenye kozi, na kozi ile ile huwezi tu kuhamia chuo cha mji wa pili ukaianza upya. Kwa hiyo ukiumwa siku ya mtihani usijikongoje kwenda kufeli. Nenda kwa daktari siku hiyo hiyo, chukua cheti, kipeleke ofisi ya mitihani.

ZUHURA: Wazazi nao waandaliwe kuhusu alama. Kwetu GPA ya 5.0 unachinja mbuzi. Huku 5.0 umefeli, 4.0 umepita kwa kudra, na 1.0 ndiyo ya juu. Nilimtumia mama matokeo, nina 1.3, akanyamaza siku nzima. Kesho yake akaniambia, "Mwanangu, usikate tamaa, tunakuombea dua."

ELIYA: (anacheka) Na ile robo saa? Ratiba imeandikwa saa nne c.t., somo linaanza saa nne na robo. Ikiandikwa s.t., ni saa nne kamili.

ZUHURA: Mswahili ungedhani wametutungia sisi.

ELIYA: Usijidanganye. Saa nne na dakika kumi na sita mlango umeshafungwa na watu wanakugeukia. Halafu somo likiisha wanagonga meza badala ya kupiga makofi. Mara ya kwanza nilidhani wanagoma.

ZUHURA: Nizungumzie upweke kidogo. Huku mtu hakwambii "karibu nyumbani" kwa kupitisha maneno. Akikukaribisha ametaja tarehe, saa, na anakusubiri kweli. Sisi tunatafsiri ukimya wao kama dharau, na mara nyingi siyo. Nilichofanya mimi, nilikwenda idara ya masomo ya Afrika hapa chuoni, maana wanafundisha Kiswahili. Kuna wanafunzi wanatafuta mtu wa kuongea naye. Saa moja yeye anaongea Kiswahili chake cha kitabuni, saa moja mimi na Kijerumani changu kinachochechemea. Vyuo vya Hamburg, Köln na Bayreuth navyo wanafundisha.

ELIYA: Na si jambo la jana. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Bagamoyo, alikuwa anafundisha Kiswahili Berlin mwanzoni mwa miaka ya 1900. Alioa huko, akafia huko, 1927.

ZUHURA: Bila WhatsApp. Mimi nikikosa bando siku mbili naona nimetupwa.

ELIYA: Kuhusu WhatsApp sasa. Kundi la familia.

ZUHURA: Ohoo.

ELIYA: "Mjomba, upo Ulaya, tusaidie ya bati." Mimi niliandika hesabu nzima kundini. Zinaingia 992, kodi hii, bima hii, nauli hii, zinabaki hizi. Maombi yakapungua.

ZUHURA: Mimi nisingeweza. Baba aliuza kiwanja ili ile akaunti ijae. Nikianza kumhesabia kila senti atadhani namlalamikia. Nilimwambia dada yangu mkubwa peke yake, yeye ndiye anayewajibu wengine kwa lugha yake.

ELIYA: Lakini hapo umemtwisha dada yako mzigo.

ZUHURA: Nimemtwisha, ndiyo. Na khanga anaidai. Lakini kumwandikia mzee hesabu kundini mbele ya shemeji zake, Eliya, mimi hapana. Kwenu Makete labda.

ELIYA: Kwetu Makete hesabu ni hesabu. Na kazi za wanafunzi je? Watu wanauliza zile siku 140 ambazo mwanafunzi anaruhusiwa kufanya kazi.

ZUHURA: Siku 140 kamili kwa mwaka, au nusu siku 280, ndiyo sheria tangu Machi 2024 kwa sisi tusiotoka Umoja wa Ulaya. Ila hiyo ina mambo mengi: ghala la usiku, mapishi, kazi za chuoni ambazo hazihesabiwi humo. Tutaifanya wiki ijayo. Ndugu wa Morogoro, tutumie sauti utuambie ni mji gani unakwenda, na chumba umepata au bado.

ELIYA: Na fomu ya mwenye nyumba uulizie leo leo.

ZUHURA: Leo leo. Haya, kwaherini.