Ndoo Kwanza, Kompyuta Baadaye

Mafundi wenzangu wa Kisumu, na nyinyi vijana mliopanda matatu alfajiri kutoka Kakamega na Kericho, hamjambo. Nimeombwa nizungumze juu ya kuiseti injini yenye naitrasi, ile gesi ya mtungi ya kuongeza nguvu, ili itumie ethanoli, yaani spiriti, badala ya petroli. Ethanoli ni nini sitaeleza zaidi. Mji huu umezoea harufu ya molasi, na wazee walioketi hapa mbele waliwahi kuendesha magari kwa gasoholi miaka ya 1980, petroli iliyotiwa spiriti ya Muhoroni. Naitrasi nayo mnaijua, kama sivyo msingekuja. Basi naingia moja kwa moja kwenye jambo nililolisema Nakuru, nikalisema Eldoret, na leo nalirudia: mafuta. Kabla hujafungua kompyuta ya gari, niambie pampu yako inamwaga lita ngapi kwa dakika. Kama hujui, funga kompyuta.

Hesabu yenyewe ni fupi. Kilo moja ya petroli inahitaji kilo 14.7 za hewa ili iungue yote. Kilo moja ya ethanoli inahitaji kilo 9 tu. Kijana akisikia hivyo hufurahi, akadhani amepata mafuta ya bei nafuu. Geuza hesabu! Injini inavuta hewa ileile, kwa hiyo kwa hewa ileile ethanoli inatakiwa zaidi ya mara moja na nusu ukilinganisha na petroli. Injekta, zile zinazonyunyiza mafuta kwenye injini, zilizokuwa zinafanya kazi kwa raha sasa zimefika ukingoni, pampu nayo inalia.

Halafu naitrasi inaingia juu ya hapo. Naitrasi inakuja na oksijeni yake yenyewe: kwa uzito, asilimia 36 ya gesi ile ni oksijeni, wakati hewa tunayovuta ina 23. Kilo moja ya naitrasi ikichomwa na petroli inataka gramu 104 hivi za mafuta. Ikichomwa na ethanoli inataka kama gramu 174. Na hapo nimetaja kiasi cha kuungua sawasawa tu, sijaongeza yale ya ziada tunayoweka kuilinda injini.

Sasa nawaeleza ilivyonitokea, na walioisikia wanivumilie. Mteja aliniletea Subaru yenye tabo, gereji Nakuru. Ilikuwa na vifaa vya naitrasi vile vinavyomwaga gesi na mafuta pamoja, kila kimoja na solenoidi yake, yaani vali ya umeme, na jeti yake, yaani kitundu cha kupimia kinachopita. Alitaka ahamie ethanoli. Niliweka injekta kubwa, nikaweka pampu kubwa, nikaseti kompyuta siku mbili. Kwa sababu ethanoli inavumilia kugonga, yaani mafuta kujilipukia yenyewe ndani ya silinda, kuliko petroli, nikawahisha cheche kidogo. Gari likatembea wiki tatu bila naitrasi, tamu ajabu. Siku ya kulijaribu kwenye njia iliyofungwa, mwenyewe akafungua mtungi, akabonyeza kitufe. Nilihesabu sekunde nne. Ya tano nikasikia mlio kama mtu amedondosha spana ndani ya ndoo ya bati.

Tulifungua plagi palepale. Ya silinda ya nne ilikuwa nyeupe kama chaki, na juu ya ule udongo wake kulikuwa na chembe ndogo zinazong'aa, mithili ya punje za chumvi. Nilizigusa kwa ukucha. Zile ni alumini, vijana. Ni pistoni imeyeyuka ikarukia plagi. Tulipoishusha injini, ukingo wa pistoni ulikuwa umelika kama mkate uliotafunwa na panya.

Nilikuwa nimebadilisha kila kitu kinachohusu mafuta ya injini, ila jeti ya mafuta ya naitrasi niliiacha ileile ya petroli. Kijeti cha shaba kidogo kuliko punje ya mahindi. Naitrasi iliingia na oksijeni yake yote, ikakuta mafuta ni kama asilimia 60 ya yale yaliyotakiwa. Nililipa injini ile kwa pesa zangu, na ilikuwa haki nilipe.

Najua kuna mtu hapo nyuma anataka kuuliza: geji ya lamda, ile inayosoma uwiano wa hewa na mafuta, si ingekuonya? Swali zuri, na linaniudhi kwa sababu limeua injini nyingi. Kwanza, geji iko kwenye ekzosi, inasoma yaliyokwisha kutokea, na inasoma wastani wa silinda zote. Silinda moja ikikosa mafuta, nyingine tatu zinaificha. Pili, geji nyingi zinazouzwa huku zinaonyesha namba za petroli. Ukitumia ethanoli na mchanganyiko ukiwa sawasawa kabisa, bado itakuandikia 14.7, kwa sababu inapima lamda kisha inazidisha kwa 14.7. Mtu anasoma 11.8 anadhani ni namba ya ethanoli, anaanza kupunguza au kuongeza kwa kubahatisha. Badilisha geji isome lamda yenyewe: 1 ni mchanganyiko sawasawa, chini ya hapo mafuta yamezidi. Lamda 0.8 ni 0.8, uwe na petroli, uwe na ethanoli. Nawasihi, hilo fanyeni leo jioni.

Mwingine atasema, basi nitaweka jeti yenye tundu mara mbili. Hapana! Tundu likiwa na kipenyo mara mbili, eneo lake ni mara nne, utaifurisha injini kwa mafuta hadi moto uzime. Kutoka petroli hadi ethanoli tupu, kipenyo kinaongezeka kama robo tu. Jeti ya milimita 1 inakuwa kama 1.25. Hapo ndipo pa kuanzia, halafu unapima.

Na kupima ni kwa ndoo. Funga mtungi wa naitrasi, hakikisha laini yake haina gesi. Chomoa nozeli, ule mdomo wa kunyunyizia, upande wa mafuta, ielekeze kwenye chupa yenye vipimo, jeti ikiwa ndani. Betri iwe kwenye chaja, maana pampu ikipata volti 12 haimwagi sawa na ikipata 13.5. Weka geji ya presha ya mafuta. Fungua solenoidi kwa sekunde kumi, soma chupa, rudia mara tatu. Kama presha inashuka wakati solenoidi imefunguka, pampu haitoshi, na hakuna kompyuta itakayokusaidia. Moto wa ethanoli hauonekani vizuri mchana, kwa hiyo kizima moto kiwe mkononi mwa mtu asiye na kazi nyingine. Binti yangu pale mbele anaandika kila neno, Mungu akubariki, andika na hilo la kizima moto upigie mstari.

Sasa la hapa kwenu. Presha ya mtungi inafuata joto. Mtungi ukiwa na nyuzi 30, mchana wa kawaida hapa Kisumu, geji inasoma zaidi ya psi 900. Asubuhi ya Nakuru, nyuzi 12, inasoma kama 600. Presha ya mafuta wewe umeifunga pale pale, haibadiliki. Ukiseti gari Nakuru alfajiri likawa zuri, ukashuka nalo Mau Summit hadi ziwani, saa nane mchana naitrasi inaingia nyingi kuliko ulivyoipimia mafuta. Hiyo ndiyo njia ya kurudi nyumbani kwa breki dauni. Soma geji ya mtungi kabla ya kila mbio. Na mtungi uliopoa unapashwa kwa mkanda maalum wenye kidhibiti joto. Nimewahi kumwona mtu akiupasha kwa jiko la gesi. Nilimwondolea mkononi bila kumwomba.

Kuna wanaosema Nakuru iko juu, hewa imepungua, basi wapunguze mafuta yote. Ni kweli hewa ya Nakuru ni pungufu karibu asilimia 20 ukilinganisha na Mombasa, na mafuta ya injini yatapungua. Lakini naitrasi inatoka kwenye mtungi, haijui mwinuko. Mafuta yake yanabaki yaleyale.

Maji. Hili nalo ningelipa saa nzima, lakini naona mwenyekiti anatazama saa. Spiriti ikikenekwa kwa njia ya kawaida inakwama kwenye asilimia 95 na kitu, iliyobaki ni maji, na kuyatoa kunahitaji mtambo mwingine. Na hata ikiwa kavu, ukiiacha kwenye jerikeni iliyojaa nusu kando ya ziwa inafyonza unyevu wa hewa. Ukiichanganya na petroli ikiwa na maji, vinatengana, na kile kizito kinakaa chini kwenye mdomo wa pampu. Ethanoli ya kupikia imetiwa dawa isinywewe, usiichukulie kuwa kavu mpaka uipime. Nunua haidromita, kifaa cha kupima uzito wa kimiminika ukilinganisha na maji: ethanoli kavu kwa nyuzi 20 ni 0.789. Ikikusomea 0.81, una maji. Ikiwa hujui imetoka wapi usiimwage kwenye gari la mtu.

Mengine nataja tu. Plagi ziwe za baridi zaidi, yaani zinazotoa joto haraka, na pengo dogo. Cheche ichelewe unapoongeza naitrasi, hata kama ethanoli inakuruhusu kiburi. Mipira ya zamani ya mafuta badilisha, ethanoli inailainisha. Kuwaka asubuhi kutakusumbua, haswa Nakuru. Ukichoka na hilo, acha petroli kidogo kwenye mchanganyiko.

Nilikuwa na maneno juu ya kuiseti naitrasi iingie kwa hatua, ila muda hautoshi. Kuna Subaru nyeupe nje, na mwenyewe amekubali tuipime. Aliyeshika chupa ya vipimo aje nayo, mwingine alete chaja ya betri, na kizima moto kitangulie.