Kitabu cha Uchambuzi na Usanifu wa Mifumo: Tukifungulie Katikati

Mwenyekiti, walimu wenzangu, na nyinyi wanafunzi mliokuja ingawa hakuna aliyewalazimisha: habari za asubuhi.

Nimeombwa nizungumzie namna ya kupima kitabu cha kiada cha uchambuzi na usanifu wa mifumo, yaani fani ya kuielewa kazi ya watu na kupanga mfumo utakaoisaidia. Barua ya mwaliko ilitaja neno "vigezo", na naona wengine wameshafungua daftari wakisubiri jedwali: mpangilio alama tano, mazoezi alama kumi, jumla mia. Jedwali hilo nilikuwa nalo zamani. Niliwahi kukaa kwenye kamati ya kuchagua vitabu, tukalijaza kwa uangalifu mkubwa, na kitabu kilichoshinda tukakifundishia muhula mzima. Muhula ulipoisha wanafunzi walikuwa wanachora michoro ya kupendeza, lakini ukimwuliza mmoja wao, "Mshale huu umetoka wapi? Nani alikwambia?" anakutazama tu. Kitabu kilikuwa na kila sura tuliyoitaka. Tuliuziwa mbuzi kwenye gunia, na gunia lenyewe tulilishona sisi.

Tangu hapo nina jaribio moja ninaloanza nalo. Siangalii yaliyomo wala dibaji. Vitabu vingi vya fani hii vina mfano mkuu mmoja unaorudi sura baada ya sura. Naufungua huo, nachagua kitu kimoja kidogo, halafu nakifuata kama mtu anayefuata nyayo za mnyama.

Tuseme mfano ni maktaba. Waandishi wanaipenda sana maktaba. Kabla yake walilipenda duka la kukodisha kanda za video, na wako ambao habari za kuisha kwa kanda bado hazijawafikia. Basi, tuchukue tarehe ya kurudisha kitabu. Nani aliitaja kwanza? Kitabu kizuri kitanionyesha mkutubi akihojiwa, akisema, "Kitabu kinarudi baada ya siku 14." Kizuri zaidi kitamwonyesha mchambuzi akikaa kaunta siku nzima na kugundua kwamba siku 14 ni za watu wa kawaida, walimu wanapewa muda mrefu, vitabu vinavyosubiriwa na wengine havirefushwi muda, na tarehe ikiangukia siku maktaba imefungwa, mkutubi husogeza mbele bila kumwandikia mtu yeyote. Haya hakuyasema kwenye mahojiano. Hakuwa na nia ya kuficha. Ameyazoea hadi hayaoni tena.

Naendelea kuifuata. Kwenye mchoro wa mtiririko wa data, ule unaoonyesha kwa mishale data inakotoka na inakokwenda, tarehe hiyo inazalishwa na mchakato upi? Kwenye kamusi ya data, orodha inayoeleza kila kipande cha data, imeelezwaje: inahifadhiwa, au inakokotolewa kila inapotakiwa kutokana na tarehe ya kuazima? Huo ni uamuzi mzito. Ukiikokotoa, siku uongozi ukibadilisha siku 14 ziwe 10, watu waliokwisha kuazima watajikuta wamechelewa usiku mmoja bila kosa lao. Mwandishi akilipita jambo hili kimya, najua hajawahi kupokea simu za asubuhi ya pili baada ya mfumo kuwashwa. Kisha skrini: mkutubi anaruhusiwa kuibadilisha tarehe kwa mkono? Na mwisho majaribio: kitabu kimeazimwa 15 Februari 2024, kinatakiwa lini? Jibu ni 29 Februari, kwa kuwa mwaka ule ulikuwa mrefu. Mwaka uliofuata jibu lingekuwa 1 Machi.

Katika vitabu vingi nilivyovifuatilia hivi, nyayo hupotea mahali. Tarehe inatajwa kwenye mahojiano, inatoweka kwenye michoro, halafu inaibuka kwenye skrini kama iliyoshuka kutoka mbinguni. Nyayo zikipotea, mwanafunzi anajifunza kwamba kila sura ni kisiwa: hapa tunahoji, hapa tunachora, hapa tunatengeneza majedwali. Na ndivyo atakavyofanya kazi akiajiriwa.

Hapa niseme neno kuhusu lugha yetu, maana inatusaidia kuliko tunavyodhani. Sisi tuna matakwa, mahitaji na masharti. Anachokisema mteja ni matakwa yake. Kinachomkwamisha kazini ni mahitaji yake, na mara nyingi hakitaji. Yale ambayo mfumo lazima uyatimize, yaliyoandikwa na kupimika, ni masharti. Vitabu vingi hutumia istilahi moja kwa yote matatu, na mwanafunzi anaandika matakwa akidhani ameandika masharti. "Mfumo uwe wa haraka" ni matakwa. "Utafutaji urudishe matokeo ndani ya sekunde mbili wakati watumiaji 50 wanautumia kwa pamoja" ni sharti, kwa sababu naweza kukaa na saa mkononi nikasema umetimia au haukutimia. Nenda kwenye sura ya mahitaji ya kitabu chochote, hesabu sentensi ambazo hakuna anayeweza kuzipima. Zikizidi zinazopimika, rudisha kitabu rafuni.

Michoro sasa. Mchoro wa mtiririko wa data tuliurithi kutoka miaka ya 1970. Mwaka 1979 ulishakuwa umepata nguvu kupitia kazi za Tom DeMarco, na za Chris Gane na Trish Sarson, ndiyo maana hadi leo kuna vitabu vinavyochora mchakato kwa duara na vingine kwa kisanduku chenye pembe za mviringo. Umbo lisiwasumbue. Wasumbueni waandishi kwa jambo hili: ulinganifu wa ngazi. Kama mchoro wa juu unaonyesha mishale mitatu ikiingia mchakato namba 2, basi ukiufungua mchakato huo kwenye ngazi ya chini, lazima uikute mishale ileile mitatu ikiingia kutoka nje. Nimekuta vitabu, tena vya toleo la tano na kuendelea, ambamo ngazi ya chini ina mshale wa nne. Wa nne umetoka wapi? Tazameni pia mchakato unaopokea data bila kutoa chochote, na ule unaotoa bila kupokea, na hifadhi mbili za data, yaani mahali data inapowekwa, zinazopeana data zenyewe kwa zenyewe bila mchakato katikati. Makosa haya tunamkata nayo mwanafunzi alama. Mwandishi akiyafanya, tunamsamehe kwa nini?

Modeli ya huluki na mahusiano ya Peter Chen, ya mwaka 1976, inayochora vitu tunavyovitunzia data na jinsi vinavyohusiana, na UML, lugha ya michoro ya kusanifu programu iliyopitishwa kuwa kiwango mwaka 1997, sitakaa nazo sana. Swali langu ni moja tu: je, kitabu kinaonyesha kwamba mchoro wa data na mchoro wa mtiririko vinazungumzia mfumo mmoja? Kila hifadhi kwenye mchoro wa mtiririko ionekane kwenye mchoro wa data. Basi.

Upande wa historia, kuna kipimo cha haraka. Tafuteni ukurasa unaoeleza modeli ya maporomoko ya maji, ile inayopanga kazi ishuke hatua baada ya hatua bila kurudi nyuma. Kama umeandikwa kwamba mwaka 1970 Winston Royce aliipendekeza kama njia sahihi ya kujenga mifumo, mwandishi hakuisoma makala yenyewe. Royce aliuchora mteremko ule wa hatua, ni kweli, lakini aliandika kwamba kuutekeleza hivyo kuna hatari na kunakaribisha kushindwa. Akashauri kazi ifanywe mara mbili, ya kwanza iwe ya kujifunzia, na mteja ashirikishwe. Neno "maporomoko" kwenye makala yake halimo. Mtu alitahadharisha kuhusu shimo, watu wakaweka kibao chenye jina lake mlangoni pa shimo. Nakipenda kipimo hiki kwa sababu fani hii kazi yake ni kurudi kwenye chanzo na kumuuliza aliyehusika, na ukurasa huo unaonyesha kama mwandishi mwenyewe hufanya hivyo.

Kuna cha pili nikipendacho: kitabu kinaanzia wapi? Vingi huanzia kwenye kompyuta. Lakini kampuni ya J. Lyons ya Uingereza, iliyokuwa ikiendesha mighahawa ya chai, ilikuwa na ofisi ya kutafiti taratibu za kazi miaka mingi kabla ya kujenga kompyuta yake, LEO, ambayo ilianza kufanya hesabu za uokaji mwaka 1951. David Caminer, aliyeongoza kazi ya kuzigeuza taratibu hizo ziwe programu, hutajwa kuwa mchambuzi mifumo wa kwanza. Alitoka kwenye karatasi, fomu na makarani. Kwa hiyo kitabu kinachosema uchambuzi ulizaliwa na kompyuta kimeanzia hadithi katikati, na mwanafunzi wake ataingia kazini akitafuta kompyuta kabla ya kutafuta fomu iliyochakaa kwenye droo.

Naona mkono pale. Swali limekuja mapema, lakini ni zuri: vipi kuhusu vitabu vya mbinu za ajaili (agile), yaani kujenga mfumo kwa vipande vidogo huku ukiurekebisha? Februari 2001 watu 17 walikutana Snowbird, Utah, wakaandika tamko lao, na tangu hapo hakuna mchapishaji anayethubutu kuliacha. Tatizo ni namna linavyoingizwa. Sura 14 zinafundisha kwamba masharti yote hukusanywa, kisha hugandishwa, kisha husanifiwa. Sura ya 15 inasema kumbe yanabadilika kila wiki mbili. Sura hiyo imebandikwa kama kiraka cha kitambaa kipya kwenye kanzu kuukuu. Upande wa pili wako waliotupa kila kitu, hata usanifu wa data, wakabaki na kadi ubaoni. Data huishi muda mrefu kuliko programu. Programu utaiandika upya. Majedwali mabovu utahama nayo. Na sura mpya za akili mnemba, nyingi nilizoziona ni kurasa sita za ahadi. Zirukeni kwa sasa.

Kitu nitakachokaa nacho zaidi ni namna kitabu kinavyosimulia kushindwa. Mficha maradhi kifo humuumbua, na fani yetu ina maradhi ya kutosha. Chukueni mfumo wa kutuma magari ya wagonjwa wa London, uliowashwa kikamilifu 26 Oktoba 1992. Ndani ya saa chache simu zilirundikana, magari mawili yakaenda kwa mgonjwa mmoja na mwingine akasubiri. Vitabu hafifu huliweka tukio hili kwenye kisanduku cha rangi pembeni na kusema "programu ilikuwa na kasoro". Ripoti ya uchunguzi ya Februari 1993 ilisema jambo zito zaidi: katika siku zile mbili za mwanzo kompyuta yenyewe haikuharibika kiufundi. Ilifanya ilichosanifiwa kufanya. Usanifu ulidai taarifa kamili za mahali kila gari lilipo, wakati wahudumu waliokuwa mbio barabarani hawakubonyeza vitufe kila mara kwa mpangilio uliotarajiwa. Chumba cha udhibiti kilipangwa upya siku ileile, wafanyakazi wakakalishwa mahali wasipopazoea. Kasoro halisi ya programu, kipande kidogo kilichokuwa kikishika kumbukumbu bila kuiachia, iliuangusha mfumo baadaye, 4 Novemba.

Sasa, kitabu mnachokipima kinasema tukio hilo lilitokana na nini? Kikiishia Novemba, kimemfundisha mwanafunzi kulaumu programu. Kikirudi Oktoba, kitamuuliza: ungemhoji nani? Ungepanda gari na wahudumu zamu ngapi kabla ya kuchora mshale wa kwanza?

Mazoezi nitayasema kwa ufupi. Zoezi la "taja faida tano za hojaji" ni la kusahihishia haraka. Nataka zoezi lenye mahojiano ya watu wawili wanaopingana, meneja na karani, bila jibu nyuma ya kitabu.

Nimezungumza vya kutosha. Juu ya meza hii kuna vitabu vitatu; majalada nimeyafunika kwa karatasi ili toleo na jina la mwandishi visiwashawishi. Jigaweni makundi matatu. Kila kundi lifungue mfano mkuu, lichague kitu kimoja kidogo, tarehe, bei, anwani, chochote, lianze kukifuata kutoka kwa aliyekitaja hadi kwenye jaribio linalokithibitisha. Kila nyayo zinapopotea, andikeni ukurasa. Kalamu nyekundu ziko hapa mbele, na tuna dakika 25 kabla ya chai.