Paka wa Uani Kwako Anazaa, au Unadhani Anazaa?

Mbukwenyi! Haya, wazee shikamooni, na vijana mliokaa kule ukutani sogeeni mbele bwana, hapa hamna mchango.

Mwenyekiti wa mtaa aliponipigia kuniambia nije niongelee paka nilijua ananitania. Mimi kazi yangu ya kila siku ni ng'ombe na mbuzi, huku kwetu Dodoma ukisema daktari wa mifugo mtu anawaza josho, chanjo ya mapele ngozi, homa ya mapafu, basi. Ila simu za usiku siku hizi ni paka. Mji umetanuka, nenda Nkuhungu, nenda Nzuguni, Iyumbu kule, kila kona kuna msingi unachimbwa, sasa panapojengwa kuna mama ntilie, penye mama ntilie kuna makombo na panya, na paka huyo kafuata, alafu akishika mimba anaichagua stoo yako ya mkaa wewe uliyehamia juzi.

Leo nina neno moja tu ntalirudia mpaka mnichoke: muwe wavivu wa mikono na wepesi wa kuangalia saa. Mengine yote yanatoka humo.

Tuanze na je, kweli anazaa? Maana simu nyingi zinaanza hivi, daktari kuna paka hapa uani analia tangu magharibi, anagaragara chini, uchungu umemshika. Nauliza, kifua kakilaza chini, matako kayainua, mkia kauweka pembeni? Eeh, hivyo hivyo. Dada yangu, huyo hana uchungu wowote, huyo anatafuta bwana. (Kicheko.) Mnacheka lakini kuna mtu alishamkanda paka wa namna hiyo kwa maji ya moto usiku kucha.

Ya pili haichekeshi. Unamwona paka anachuchumaa kwenye mchanga wa ujenzi, anajikamua, hamna kinachotoka au kidogo sana, anajilamba kule nyuma, anahama anachuchumaa tena pembeni. Nyumba nzima inasema anatafuta pa kuzalia. Jamani angalieni chini ya mkia kwanza! Jike matundu mawili yamekaribiana, la chini kama kijistari, dume yameachana na katikati kuna kokwa, au mahali pake kama alishahasiwa. Kama ni dume na anajikamua hivyo, mkojo umeziba, na huyo sio wa kusubiri kesho, mkojo ukikaa ndani sumu inapanda, moyo unasimama, ndani ya siku mbili tatu mmempoteza huku mnamtandikia boksi la kuzalia.

Sasa mwenye mimba kweli. Mimba ya paka ni kama wiki tisa, siku 63 mpaka 65 hivi. Kuanzia wiki ya tatu chuchu zinakuwa za pinki na zinachomoza, mwishoni tumbo linashuka pembeni kama kabeba mifuko miwili, na ukitulia mbali utaona ubavu unacheza. Msimminye kutafuta watoto. Tumbo kubwa chuchu zimelala hazina rangi, hapo fikiria minyoo au ugonjwa. Na jike anayetoka usaha wenye harufu mbaya, hali, anakunywa maji sana, huyo ni kizazi kimeoza, apelekwe leo.

Akikaribia anahangaika, anaingia anatoka, anachimbachimba kwenye nguo, wengine wanagoma kula, wengine wanahema mdomo wazi. Hatua hiyo inakula masaa sita, kumi na mawili, hata siku nzima kwa mzao wa kwanza. Wewe kazi yako hapo ni boksi, liwe kubwa ajinyooshe, ukate mlango upande mmoja uache ukingo wa chini watoto wasidondoke, tandika khanga kuukuu au shuka la pamba, taulo lenye nyuzi zilizotoka hapana kwa sababu kucha na miguu ya watoto inanasa. Weka karibu na pale alipopachagua yeye. Akilikataa boksi mwache na mkaa wake.

Ila hapa nisimame kidogo na hali yetu ya hapa. Mwezi wa sita na wa saba usiku wa Dodoma mnaujua, ule upepo unapita chini ya mlango, na kitoto cha paka kina gramu mia tu hivi, wiki ya kwanza hakiwezi kujipasha moto chenyewe, baridi inakiua kabla ya njaa. Alafu mwezi wa kumi na wa kumi na moja ni kinyume, pale chini ya mabati uliyorundika asubuhi pako vizuri, saa saba mchana ni oveni. Kwaiyo usiangalie asubuhi tu. Na sisimizi! Watu hawawazi sisimizi. Wanafuata damu na maji ya uzazi, wanaingia kwenye macho na kitovu cha kitoto. Ukiweza weka boksi juu ya meza au stuli fupi ambayo mama anaifikia, kila mguu uwe ndani ya kopo lenye maji, wenye vibanda vya sungura mnajua. Usimwage dawa ya wadudu kuzunguka boksi, na Dettol ya kupigia deki pale weka mbali kabisa, paka anaramba kila kitu na ini lake haliwezi hizo vitu. Maji ya moto na sabuni ya kipande yanatosha.

Haya, uchungu wenyewe. Utaona tumbo linabana kwa nguvu, anasukuma. Hapo washa saa ya simu, sitanii. Akisukuma kwa nguvu dakika 20 mpaka 30 hamna kitu, tafuta daktari. Kitoto kimetokeza kimekwama dakika kumi, tafuta daktari. Damu mbichi inatiririka haikati, majimaji ya kijani au meusi yametoka na hakuna kitoto kilichofuata, au mama kalegea hainui kichwa, hivyo hivyo. Nje ya hapo mwache. Kati ya mtoto na mtoto dakika kumi mpaka saa moja ni kawaida, na kuna wanaozaa wawili wakapumzika masaa mengi wakaja kumalizia, ilimradi ametulia, ananyonyesha, hasukumi bure. Miguu ya nyuma ikitangulia msipige kelele, kwa paka hiyo ni kawaida kabisa sio kama kwa ng'ombe. Sasa nyinyi mnapenda kuchungulia, watu sita na tochi ya simu, paka wa mtaani akiogopa uchungu unakata, au anabeba mmoja mdomoni anaruka ukuta waliobaki wanabaki.

Kuna mahali pamoja tu ninaporuhusu mikono. Kitoto kimetoka kiko ndani ya kile kifuko, kinang'aa kama kimefungwa nailoni, kawaida mama anakipasua kwa meno sekunde hizo hizo. Akiwa amechoka au anashughulika na mwingine, ukahesabu dakika moja hajagusa, nawa mikono, pasua kifuko pale usoni kwa vidole, futa pua na mdomo kwa kitambaa kikavu, kichwa kiwe chini kidogo, alafu sugua mgongo na mbavu kwa nguvu, sio kubembeleza, sugua mpaka ngozi igeuke kutoka bluu iwe pinki na usikie kale kasauti. Usikishike miguu ukakizungusha hewani kama mnavyoona watu wanafanya, ubongo unaumia. Kitovu kama mama hajakikata funga uzi safi sentimita tatu kutoka tumboni, kata upande wa mbali na mtoto, usikivute. Rudisha kwa mama. Kondo la nyuma anakula mwenyewe, mwacheni, mtoto mmoja na kondo lake moja, ukiweza hesabu kwa macho maana likibaki ndani linaoza.

Na hili nalisema kwa sauti kwa sababu nimelikuta zaidi ya mara moja: mtu anaenda duka la dawa za mifugo anauziwa oksitosini, ile ya ng'ombe, anamchoma paka ili asukume. Kama kitoto kimekaa vibaya njia imeziba, ile sindano inabana kizazi mpaka kinapasuka. Kwa daktari aliyempima kwanza, sawa. Kwako wewe, hapana. Panadol nayo hapana, kidonge kimoja kinamuua paka.

Maswali. Ndiyo mama.

Mama anauliza kavikuta vitoto vitatu peke yao nyuma ya tangi la maji, mama yao haonekani, achukue? Mama yangu subiri kwanza, kaa mbali kabisa uchungulie kutoka dirishani, huyo kaenda kutafuta riziki na anaweza kukaa masaa. Vikiwa vimelala kimya vina joto na matumbo yamejaa, mama yupo. Vikilia bila kunyamaza na ukigusa ni vya baridi, hapo ingilia. Kwanza joto, chupa ya maji ya moto uifunge na kitambaa, na usinyweshe kitoto chenye baridi, tumbo halisagi. Maziwa ya ng'ombe peke yake yanaharisha na hayana protini na mafuta ya kumtosha paka, bora utafute jike mwingine anayenyonyesha, paka wengi wanapokea watoto wa wenzao, au uje kuuliza maziwa ya kopo ya vitoto vya paka, yanapatikana kwa shida ila yapo. Unanywesha kimelala kifudifudi, kwa bomba la sindano bila sindano, kila masaa mawili matatu, usiku pia, alafu unampangusa chini ya mkia kwa pamba ya uvuguvugu ndio ajisaidie.

Kaka wa kofia? Anauliza aliyeng'atwa na paka afanyeje. Osha kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15, alafu hospitali siku hiyo hiyo, waambie ni paka wa mtaani. Kichaa cha mbwa sio cha mbwa peke yake na kikishaonyesha dalili hakina tiba. Usiende kwa mtu wa kukupaka kitunguu. Na wajawazito mnaruhusiwa kumpenda paka, ila kinyesi chake azoe mtu mwingine, kila siku, kisikae.

Mzee anasema yeye dawa yake ni kiroba, anawapeleka Nala kule porini. Mzee wangu, kwa heshima, sheria ya ustawi wa wanyama ipo tangu 2008 na kumtesa mnyama ni kosa, lakini hata tuache sheria, ukimtoa huyu nafasi inajazwa na mwingine kwa sababu makombo yako yapo pale pale. Na jike anaweza kushika mimba nyingine huku ananyonyesha, huku kwetu jua ni lile lile mwaka mzima kwaiyo hana msimu. Mlishe dagaa na utumbo wa kuku uliochemshwa bila vitunguu, maji yasikauke, watoto wakifika wiki nane wameacha ziwa ndio aje afungwe kizazi, na lile dume lenu lenye kichwa kikubwa mlete siku hiyo hiyo. Ulizeni bei kabla, mkichangishana nyumba nne haiumi. Mlete kwenye kreti lililofunikwa na khanga, sio mkononi, tafadhali, na asiwe amekula tangu usiku.