Simu Waachieni Watoto

Walimu wenzangu, wazazi, shikamooni wakubwa. Hili nimelisema sana na leo nalirudia: filamu ya watoto ikiongozwa na mwalimu, hiyo ni filamu ya mwalimu.

Darasa langu ni la tano, Temeke, hapa Dar es Salaam. Watoto zaidi ya sitini, simu moja, na ni yangu. Hadithi walichagua wenyewe: mtoto katumwa dukani, kapoteza jero. Tukaenda kushuti chini ya mwembe. Sasa, kunguru wa mji huu mnawajua, hawa wa shingo ya kijivu ambao asili yao ni India. Kila mwigizaji akifungua mdomo, kraa! Teki ya kwanza, ya pili, ya sita. Nikaanza kunyoosha mkono niichukue simu, nimalize kazi.

Msichana mmoja akanizuia. Mwaka mzima nilikuwa sijamsikia akisema zaidi ya "nipo, mwalimu". Akasema, "Mwalimu, ngoja. Kunguru ndiye aliyeichukua hela."

Hadithi ikapinduka palepale. Wakaweka jero mchangani na kipande cha andazi kando yake, wakajibanza. Siku ya kwanza hakuja, ya pili hakuja. Ya tatu kunguru katua, kala andazi, sarafu kaiacha! Nilidhani watalia. Wao wakakata picha pale anapoinamisha kichwa, wakaunga na picha ya mchanga mtupu. Basi. Ukitazama, utaapa umemwona akiiba. Mwongozaji filamu Mrusi, Lev Kuleshov, alionyesha nguvu ya kuunganisha picha namna hiyo miaka 100 hivi iliyopita. Hawa hawajawahi kumsikia. Ningeichukua ile simu, wangejifunza nini?

Najua kuna mtu anasema moyoni: mtihani wa darasa la saba hauulizi filamu. Jamani! Ikirekodi video, simu yangu inapiga picha 30 kila sekunde. Walikokotoa wenyewe kwamba dakika moja ni picha 1,800, na hakuna aliyewashikia fimbo. Walibishana kipindi kizima kama waandike kunguru "ameiba" au "amechukua", maana kunguru hajui kwamba hela ina mwenyewe. Mnataka somo gani la Kiswahili kuliko hilo? Kila mwaka tunalalamika kwamba insha zao zinafanana, na mianzo tunawakaririsha sisi wenyewe.

Mwingine atasema simu shuleni marufuku. Mwanafunzi haruhusiwi kuja na yake. Hiyo ilikuwa ya mwalimu, mikononi mwao wakati wa kipindi, na kengele ikilia inarudi mfukoni mwangu.

Nilitaka kuzungumzia vifaa na gharama, ila naonyeshwa saa. Moja tu nisiliache: ruhusa ya wazazi ichukueni kwa maandishi kabla hamjaanza, na sura za watoto msizirushe mtandaoni.

Filamu yenyewe ni dakika nne. Naomba mzime taa, tuitazame. Na hilo feni pia lizimeni, yule binti ndiye anayesimulia na sauti yake ni ndogo.