Gari Halivuti: Injini au Giaboksi?

Mabibi na mabwana, lalamiko nililolisikia zaidi tangu tulipoanza kuingia ukumbini ni kwamba gari halivuti, hasa likishika mwinuko wa kuelekea Limuru. Lalamiko hilo peke yake halitoshi, kwa sababu injini iliyochoka na giaboksi inayoteleza humfanya dereva aseme maneno yale yale, ilhali gharama za kuzitengeneza hazikaribiani hata kidogo. Kabla hujashuka Kirinyaga Road kutafuta spea, tazama mshale wa mizunguko ya injini kwenye dashibodi. Ukikanyaga mafuta, mshale ukapanda haraka na injini ikanguruma, lakini mwendo usiongezeke, basi nguvu ipo ila inapotelea njiani, ama kwenye klachi ama ndani ya giaboksi ya otomatiki. Mshale ukipanda kwa uvivu sambamba na mwendo, shuku injini, baada ya kuhakikisha kwamba hakuna breki iliyokwama.

Siku hizi fundi huanza kwa kuchomeka mashine ya kusoma misimbo ya hitilafu za gari, nami siipingi, mradi tu tukumbuke kwamba msimbo hutaja hali na wala hautaji kifaa cha kununua. Msimbo P0171, kwa mfano, unasema petroli ni kidogo mno ikilinganishwa na hewa inayoingia. Chanzo chaweza kuwa mpira wa hewa uliopasuka, pampu ya mafuta iliyodhoofika au sensa ya hewa iliyojaa vumbi, na ni jambo la kusikitisha kwamba sensa ya oksijeni, ambayo mara nyingi imetoa taarifa ya kweli, ndiyo hung'olewa kwanza.

Injini ikishukiwa, pima mgandamizo, yaani kanieneo ya hewa inayobanwa na pistoni ndani ya silinda, kwa kipimo kinachofungwa kwenye tundu la plagi. Ipashe moto, toa plagi zote, zima mfumo wa mafuta na wa moto wa plagi, kanyaga pedali ya mafuta hadi chini, kisha zungusha stata mpaka mshale wa kipimo uache kupanda. Hapa wakazi wa Nairobi tuwe waangalifu. Tuko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa yetu ina kanieneo pungufu kwa karibu asilimia 18, kwa hiyo silinda inayosoma 180 psi (kizio cha kanieneo) Mombasa itasoma karibu 148 hapa bila ya kuwa na ugonjwa wowote. Kinachostahili kutushtua ni silinda moja kuachwa mbali na wenzake. Imwagie hiyo kijiko kimoja cha oili ya injini kupitia tundu la plagi, upime tena: kipimo kikipanda sana, ringi za pistoni zimelika, kikibaki pale pale, tafuta kosa kwenye vali au gasketi ya silinda hedi. Mwinuko huo huo wa Nairobi hufanya maji matupu yachemke katika nyuzi 94 hivi, ndiyo maana kifuniko cha rejeta kilicholegea, kisichobana tena kanieneo inayozuia maji kuchemka mapema, kifaa cha bei ndogo kabisa, huweza kulifanya gari lichemshe kwenye foleni ya Uhuru Highway.

Kwa giaboksi ya otomatiki, dondosha tone la oili yake kwenye karatasi nyeupe ya shashi. Katika giaboksi nyingi oili hiyo huwa nyekundu ikiwa mpya. Ikiwa ya kahawia iliyokoza na inanuka kama kitu kilichoungua, sahani za klachi zimeungua. Kama gari ni la CVT, yaani giaboksi ya otomatiki isiyo na gia za hatua kwa hatua, usikubali kamwe kuongezewa oili ya otomatiki ya kawaida, hata fundi akiapa kwamba zote ni sawa. Dalili zikiendelea, fungua sampu ya giaboksi, yaani bakuli la oili lililo chini yake, na ukague sumaku iliyomo. Ute laini wa kijivu ni uchakavu wa kawaida. Vipande vinavyong'aa, vyenye kingo za kuchoma kidole, vinaonyesha kwamba kitu kimevunjika ndani, na kuanzia hapo ni halali kuulizia bei ya giaboksi nyingine.