Zege linapimwa, mhadhara je?

Haya wapendwa, karibuni tena. Leo naongea na wanafunzi wa uhandisi, naongea na wahadhiri mnaonitazama kimyakimya (nawajua mpo), na naongea na yeyote anayemsomesha mtoto chuoni. Swali mmeniletea wengi, kila mtu kwa maneno yake: huko ughaibuni mna maprofesa wenye majina makubwa, makala zao zinasomwa dunia nzima, basi bila shaka na darasani ni moto vilevile?

Si lazima. Na sisemi hivyo kwa chuki, kuna watu wamelipima jambo hili. Mwaka 1996 watafiti wa elimu John Hattie na Herbert Marsh walikusanya tafiti 58 zilizokuwa zimelinganisha umahiri wa wahadhiri kwenye utafiti na umahiri wao kwenye kufundisha. Uwiano walioupata ulikuwa 0.06. Kwa asiye mtu wa takwimu: ingekuwa 1, ungesema mambo haya mawili yanakwenda sambamba kabisa, ikiwa 0, kila moja linashika njia yake. Hiyo 0.06 ni sifuri tu, tusidanganyane. Ukiniambia profesa fulani ana makala 200, bado hujaniambia lolote kuhusu atakavyokufundisha. Anaweza akawa mwalimu hodari, anaweza akawa wa kukusinzisha dakika ya kumi. Utafiti hauharibu ualimu, ila pia hauuleti.

Sababu mnazijua, maana hazina nchi. Mtu anapandishwa cheo kwa makala, kwa fedha za utafiti alizovuta, kwa wanafunzi wa uzamivu aliowasimamia. Anayekesha akiboresha somo la mekanika la mwaka wa kwanza, ambalo ndilo linalowafanya wengi wadisko (waondolewe chuo kwa kufeli), anapigiwa makofi kwenye kikao cha idara na mambo yanaishia hapo.

Kinachonishangaza ni kwamba wahadhiri ninaowasema hapa ni wahandisi. Mhandisi hakubali zege kwa maneno. Anachukua sampuli, anaimwaga kwenye kisanduku cha mchemraba, anaiacha siku 28, halafu anaipeleka kwenye mashine ipondwe mpaka ipasuke, ndipo ajue nguvu yake. Ukimwambia "hili zege zuri, mimi nina uzoefu wa miaka 20," atakufukuza kwenye eneo la ujenzi. Sasa mtu huyohuyo mwulize anajuaje kama mhadhara wake unaeleweka. Atakwambia ana uzoefu wa miaka 20.

Ngoja niwaonyeshe darasa moja ambalo nadhani limefundishwa kihandisi kweli. Mimi nasaidia kufundisha kwenye vipindi vya aina hii, kwa hiyo nawasimulia ninachokiona.

Mada ni mizani ya nguvu, yaani jinsi mizigo inavyobebwa bila kitu kusogea. Mhadhiri anachora ubaoni njia mbili za kutembea kwa miguu zinazoning'inia ndani ya ukumbi wa hoteli, moja juu ya nyingine, ghorofa ya nne na ghorofa ya pili. Mchoro wa kwanza wa wahandisi ulikuwa hivi: fimbo ndefu ya chuma inashuka kutoka kwenye paa, inapita kwenye boriti ya njia ya juu, inaendelea mpaka kwenye boriti ya njia ya chini. Kila boriti imekalia nati yake kwenye fimbo hiyohiyo moja. Sasa waliotengeneza vyuma wakaona hii ni kazi ngumu, maana itabidi fimbo ichongwe hesi (ile mikunjo ambayo nati inazungukia) urefu wote ili nati ya juu ipite mpaka mahali pake, na hesi zenyewe zisije zikaumia wakati wa kufunga. Wakapendekeza fimbo mbili fupi: ya kwanza itoke kwenye paa iishie kwenye boriti ya juu, ya pili ianzie kwenye boriti hiyo ya juu ishuke mpaka ya chini. Ukitazama haraka unasema ni kitu kilekile.

Hapo mhadhiri ananyamaza. Anauliza: ile nati iliyo chini ya boriti ya juu, mzigo wake umebaki uleule, umeongezeka kwa nusu, au umekuwa mara mbili? Kila mtu afikirie peke yake, asiongee. Dakika moja. Kisha mnainua vidole: kimoja, viwili, au vitatu. Mhadhiri anapitisha macho tu, anaona ukumbi umegawanyika, wengi wamesema mzigo ni uleule. Hasahihishi. Anasema: geuka kwa jirani yako aliyejibu tofauti, mshawishi.

Ukumbi unalipuka kelele. Mimi napita katikati ya viti nikisikiliza, na hapo ndipo penye utamu. Kijana mmoja anamwambia mwenzake: uzito wa njia haujabadilika, kwa hiyo mzigo haujabadilika, mbona rahisi. Dada wa pembeni anamkatiza. Anamwambia: "Wewe umening'inia kwenye kamba. Mimi nimening'inia kwenye kamba hiyohiyo, chini yako. Kila mtu anajibeba, sawa? Sasa mimi naachia kamba, nashika miguu yako. Kamba imebeba watu walewale wawili. Mikono yako je?" Yule kijana akatazama mikono yake, akabadilisha jibu bila kubishana.

Wanapiga kura mara ya pili, vidole vitatu vinajaa ukumbi mzima. Ndipo mhadhiri anawaambia kwamba huu si mfano wa kubuni. Ni hoteli ya Hyatt Regency, Kansas City, Marekani. Tarehe 17 Julai 1981 njia zile ziliporomoka ukumbini kukiwa na watu wanacheza dansi, wakafa watu 114. Wahandisi waliohusika na muundo walinyang'anywa leseni. Hakuna mwanafunzi atakayesahau mizani ya nguvu baada ya hapo, na hakuna aliyeambiwa akariri fomula.

Mtindo huu unahusishwa na Eric Mazur, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, aliyeanza kuutumia mapema miaka ya 1990. Mazur alikuwa mhadhiri anayependwa, wanafunzi wake wakipata maksi nzuri. Kisha akawapa jaribio la maswali mepesi ya dhana za nguvu na mwendo, hayana hesabu hata moja. Wengi wakashindwa! Walikuwa wanajua kupachika namba kwenye fomula, ila dhana yenyewe imewapita pembeni. Kilichonivutia kwake ni kwamba alikubali matokeo ya kipimo, hakuwalaumu wanafunzi kuwa wavivu.

Baada yake takwimu zimeendelea kujaa. Richard Hake mwaka 1998 alichapisha matokeo ya kozi 62 za fizikia zenye wanafunzi zaidi ya 6,000. Alipima kila darasa limefidia kiasi gani cha yale ambayo wanafunzi walikuwa hawayajui siku ya kwanza. Madarasa ya mhadhara mtupu yalifidia wastani wa 0.23 (yaani asilimia 23), yale ya kushirikisha 0.48. Halafu mwaka 2014 Scott Freeman na wenzake wakaunganisha tafiti 225 za masomo ya sayansi, uhandisi na hisabati: kwenye mihadhara ya kawaida wanaofeli walikuwa asilimia 33.8, kwenye madarasa ya kushirikisha asilimia 21.8. Kwenye kozi ya watu 300, hao ni watu kama 36 ambao wangekuwa wanasubiri sapu, yaani mtihani wa marudio.

Sasa mtaniuliza, kama ni hivyo, mbona kila mtu hafanyi? Hapa wanafunzi nanyi msikilize, maana kidole kinawageukia. Mwaka 2019 palepale Harvard, Louis Deslauriers na wenzake waliwagawa wanafunzi wa fizikia kwa bahati nasibu. Nusu wakapata mhadhara uliotulia kutoka kwa mwalimu mzoefu, nusu wakafanya kazi kwa vikundi, maudhui na karatasi zilezile. Waliofanya kazi kwa vikundi walipata maksi zaidi kwenye jaribio. Lakini walipoulizwa umejifunza kiasi gani, hao hao ndio waliosema wamejifunza kidogo! Waliokaa kusikiliza walitoka wameridhika.

Mimi hili naliona kila muhula. Mhadhara mzuri unateleza kama uko kwenye lami. Unatikisa kichwa, unasema naam, nimeelewa, kumbe aliyeelewa ni mhadhiri. Kwenye vikundi unakwama, unaona aibu, unabishiwa na mtu uliyemdharau, ubongo unachoka, unatoka unasema huyu hafundishi, anatuachia tujifundishe wenyewe. Halafu mwisho wa muhula unamjazia fomu ya tathmini na kumpa alama mbaya. Mhadhiri kijana asiye na mkataba wa kudumu akiona fomu zile, anarudi kwenye slaidi zake 90, na simlaumu. Ndiyo maana nasema fomu ya "ulimpendaje mwalimu" isiwe kipimo pekee. Inapima raha. Raha si haba, ila siyo tuliyoifuata.

Kuna upande wa miradi. Chuo Kikuu cha Aalborg, Denmark, tangu kianzishwe mwaka 1974 kimejengwa juu ya miradi ya vikundi: wanafunzi wanapewa tatizo halisi, na sehemu kubwa ya muhula inakwenda humo. Nayapenda sana mawazo yale. Lakini nawatahadharisha wanaoiga nusu. Kuwagawa wanafunzi sita-sita, ukawapa kichwa cha mradi na tarehe ya kukusanya, kisha ukapotea, huko si kufundisha kwa miradi. Mnajua kinachotokea: mmoja anafanya kazi, mmoja anapamba slaidi, wanne wanaandika majina. Mradi unataka msimamizi anayekutana na kikundi mara kwa mara, anayemuuliza kila mmoja peke yake kwa nini mlichagua chuma hiki na si kile, na wanakikundi kutathminiana wenyewe kwa siri. Ni kazi kubwa kuliko kuhutubia. Chuo kisichompa mhadhiri muda wa kufanya hayo, bora kiendelee na mihadhara kuliko kudanganya.

Na kwa kuwa niko kwenye kutahadharisha: ile habari ya kwamba wewe unajifunza kwa macho na yule kwa masikio, kwa hiyo mwalimu afundishe kila mtu kwa mtindo wake, iacheni. Ilivuma sana kwenye uhandisi baada ya makala ya Felder na Silverman ya mwaka 1988. Mwaka 2008 Pashler na wenzake walipekua ushahidi wakakuta hakuna msingi wa kutosha wa kufundisha kwa mtindo huo. Bado mnauziwa kwenye semina.

Kwa wahadhiri, msisubiri wizara. Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, kilianzisha idara nzima ya elimu ya uhandisi mwaka 2004, wana uzamivu na kila kitu, lakini wewe unaanza na mada moja tu, ile inayowasumbua wanafunzi kila mwaka. Wape maswali machache ya dhana kabla ya kuifundisha, uwape mengine ya kiwango hicho baadaye, na kama kozi ina mikondo miwili basi mkondo mmoja ufundishwe kwa njia mpya na mwingine kwa ya zamani, ulinganishe. Ukipima kabla na baada kwenye mkondo mmoja tu, hujui kama ni njia yako au ni kwa sababu tu wamesoma. Na ukitaka kuchapisha, pita kwanza kamati ya maadili, wanafunzi wako siyo sampuli za zege. Vifaa? Vidole vitatu vya mkono vinatosha, mmesikia hapo juu.

Kwa mwanafunzi ambaye mhadhiri wake hatabadilika leo wala kesho: acha kusoma noti mara ya tano. Wanasaikolojia Roediger na Karpicke mwaka 2006 waliwapa watu maandishi. Wengine wakarudia kuyasoma, wengine wakasoma mara moja kisha wakajilazimisha kuyaandika kutoka kichwani mara tatu. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma waliongoza. Baada ya wiki moja walibaki na asilimia kama 40, wenzao 61. Funga daftari, chora mchoro wa nguvu kwa kichwa, ndipo ufungue uone ulipokosea.

Sasa tufanye darasa letu. Lori lililosheheni mchanga linagongana uso kwa uso na gari dogo. Wakati wanagongana, nguvu ambayo lori linalisukuma gari dogo ni kubwa kuliko ile ambayo gari dogo linalisukuma lori, ni ndogo, au ziko sawa? Andika jibu lako hapo chini kabla hujasoma ya wengine. Kisha tafuta aliyeandika tofauti na wewe, umjibu, umweleze kwa nini, bila matusi tafadhali. Ukibadilisha msimamo, usifute jibu la kwanza, andika la pili chini yake. Wiki ijayo nahesabu kura za raundi zote mbili hapa hapa.