Dume au jike? Usimuumize mtoto wa nyoka kwa haraka yako

Haya jamani, waliosimama mlangoni sogeeni, viti vipo huku mbele. Naongelea kitu kimoja tu, kujua mtoto wa nyoka ni dume au jike bila kumharibu, maana hii tabia ya kushika mkia na kubinya hovyo inaniuma sana.

Dume ana dhakari mbili, zimelala ndani ya mkia nyuma ya kloaka, yaani lile tundu la haja, zimegeuzwa ndani nje kama soksi. Ndo maana mkia wa dume mara nyingi ni mrefu na mnene pale mwanzo, wa jike unachongoka haraka. Ila kwa aliyetoka kwenye yai juzi tofauti hiyo ni ndogo mno, kwa macho tu utabahatisha. Chatu na boa wana vikucha pembeni ya kloaka, vya dume kawaida vikubwa, lakini majike wenye vikubwa nao wapo.

Sasa wazoefu, kwa mtoto wa siku chache, wanakunja mkia kidogo halafu wanabiringisha kidole gumba taratibu kutoka mkiani kuja kwenye kloaka, dume akilegea zile dhakari zinachomoza. Hapa ndo watu wanapoharibu, ukikandamiza unamvunja uti wa mgongo wa mkia, au unamjeruhi dhakari zenyewe na huenda asizae tena. Na zisipotoka usiseme jike! Labda kajikaza, na kadiri anavyokua anakaza zaidi. Jike naye ana tezi za harufu, vidoti viwili vinaonekana, anayeanza anashangilia dume kumbe siyo.

Kuna kile kijiti cha chuma chenye ncha ya mviringo, kinasafishwa kuua vijidudu, kinapakwa jeli, kinaingizwa kwenye kloaka kuelekea mkiani, kwa dume kinaenda mbali, kwa jike kinagota mapema, unahesabu kimeingia kina cha magamba mangapi. Mtoto mwembamba usimguse nacho, kinatoboa. Mwachie daktari wa mifugo anayewajua nyoka. Siku hizi hata gamba alilojivua linapimwa vinasaba maabara, Marekani wanafanya kwa baadhi ya aina, na nyoka hajaguswa kabisa, mimi hiyo ndo naipenda.

Dada pale ameuliza kama joto la mayai linabadilisha jinsia. Hapana dada yangu, hao ni kasa na mamba, nyoka jinsia inatoka kwenye kromosomu.

Kaka wa Pugu na kachatu ulikookota shambani, hako usikapime kabisa kaka, kukaa nako bila kibali ni kosa kwa sheria ya wanyamapori ya Tanzania ya 2009, wapigie TAWA, ile mamlaka ya wanyamapori, waje wakachukue. Na mwenye sumu hata aonekane mtoto, mikono mbali, sumu anayo tangu anazaliwa.

Wengine wenye vibali, mnaharakia nini lakini? Kama huzalishi hata hulazimiki kujua, mpe chakula, kila mmoja na boksi lake, akikua mpeleke kwa daktari.